Nyimbo zetu mbele ya santuri

Usiku mmoja wa harusi, huku Ng'ambo, tulikuwa miongoni mwa waalikwa wakati akina mama walipomwomba bibi mmoja, mtu mzima sana, awaimbie wimbo wa zamani. Bibi hakutaka kubembelezwa mara mbili. Alijifunga kanga vizuri, akasafisha koo, akaanza. Ubeti wa kwanza ulipokewa kwa vigelegele. Alipoingia ubeti wa pili, msichana mmoja, ambaye kwa udugu ni mjukuu wake, alinyanyua simu ya mkononi na kusema: "Sivyo bibi, ubeti huo haumo. Hebu sikiliza wenyewe." Simu ikafunguliwa, na kutoka ndani yake ikatoka sauti ya kale yenye mikwaruzo ya sindano, ikiimba wimbo ule ule kwa mwendo mwingine na kwa maneno machache zaidi.

Waalikwa waligawika. Wapo waliosema kwamba santuri haisemi uwongo, na kwamba mwenye kuimba kinyume chake amesahau. Wapo waliosema kuwa mtoto amemkosea adabu mkubwa wake. Bibi mwenyewe hakukasirika hata kidogo. Alijibu: "Mwanangu, huyo aliuimba siku moja mbele ya mashine. Mimi nimeuimba miaka sitini mbele ya watu." Kisha akaendelea na ubeti wake.

Tunaileta habari hii katika ukurasa huu kwa sababu suala lililozuka usiku ule si la harusi moja. Linawahusu wote wanaokusanya, wanaofundisha, wanaotangaza na wanaosimamia utamaduni katika visiwa vyetu. Wimbo wa asili unapokuwa na sura mbili, moja mdomoni mwa mtu na moja katika sahani ya santuri au katika utepe, ni ipi tuiite sahihi? Na je, ni lazima moja iishinde nyingine?

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba hicho tunachokiita leo "asili" kilipata kuwa kigeni. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kati ya mwaka 1870 na 1888, alimpeleka Misri kijana Mohamed Ibrahim ili akajifunze kupiga ganuni, na kwamba hapo ndipo taarab ilipoota mizizi katika jumba la mfalme. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na waimbaji wake siku hizo waliimba kwa Kiarabu, mbele ya wasikilizaji ambao si wote waliojua maana ya kinachoimbwa. Mtu wa Ng'ambo au wa shamba aliyeyapita madirisha hayo usiku alisikia sauti nzuri, akaenda zake. Nyimbo alizozielewa zilikuwa za ngoma, za unyago, za kutwanga, za kupiga makasia.

Aliyeufungua mlango huo ni mwanamke wa Fumba, binti wa wafinyanzi, aliyekuwa akibeba vyungu kichwani na kuvinadi mjini. Siti binti Saad hakujua kusoma wala kuandika, lakini aliichukua taarab ya jumba la mfalme, akaitia Kiswahili cha mitaani, akaitia na habari za watu. Yeye na wenzake, akina Subeti bin Ambar, Mbaruk wa Mombasa, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban, walipokuwa wakikutana jioni, wimbo ulikuwa gazeti. Jambo lililotokea mchana liliweza kutungiwa usiku. Kwa hiyo hao tunaowaita wazee wa taarab ya asili walikuwa, katika zama zao, wageuzaji wakubwa kuliko wote waliowafuata. Hatuna budi kulikumbuka hilo kila tunaposikia mtu akimlaumu kijana kwa kuharibu asili.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya Uingereza, ile yenye nembo ya mbwa na kinanda, ilimsafirisha Siti na wenzake hadi Bombay ili sauti zao zitiwe katika sahani. Tunaomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Sahani ya siku hizo ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande wake mmoja ulichukua kiasi cha dakika tatu tu. Basi na tuufikirie wimbo wa taarab kama ulivyokuwa barazani. Hutangulia ala peke yake, udi na fidla zikitafutana. Muimbaji hutoa mstari, akaurudia. Waitikiaji humpokea. Katikati ya ubeti mama mmoja huinuka, akenda kumtunza muimbaji, na si kwa sababu ya sauti tu, bali kwa sababu mstari huo umemgusa jirani yake aliyekaa upande wa pili. Naye muimbaji, akiona hivyo, huurudia mstari mara tatu au nne, kwa kuuchelewesha, mpaka jirani ainame au naye ainuke kwenda kutunza ubeti unaomjibu. Wimbo wa namna hiyo ungeweza kuchukua nusu saa, na usiku wa pili usiwe na urefu ule ule wala beti zile zile.

Huko Bombay hapakuwa na jirani. Palikuwa na fundi aliyetazama saa. Utangulizi wa ala ulibidi ufupishwe, marudio yapunguzwe, beti zichaguliwe, na mwisho upangwe mapema ili sindano isifike ukingoni neno likiwa mdomoni. Kazi iliyofanywa chini ya mashaka hayo ilikuwa ya ustadi mkubwa, na ni neema kwamba ilifanywa, kwani Siti alifariki mwaka 1950 na lau si sahani hizo tungekuwa na sifa zake bila ya sauti yake. Lakini tusijidanganye. Sahani haikuunasa wimbo mzima. Ilinasa dakika tatu za wimbo, katika mji wa ugenini, siku moja.

Dakika tatu hizo zikarudi pwani na kuenea. Ziliingia katika mikahawa ya Unguja na Pemba, Mombasa, Lamu na Dar es Salaam, zikasikilizwa na watu ambao hawajapata kumwona Siti kwa macho. Na hapo ndipo mabadiliko ya pili yalipotokea, ambayo ni makubwa kuliko ya kwanza. Watu wakaanza kujifunza nyimbo kutoka katika sahani. Aliyejifunza kwa mtu hujifunza pia namna ya kuongeza na kupunguza, kwa sababu humsikia mwalimu wake akifanya hivyo kila usiku. Aliyejifunza kwa sahani husikia jambo lile lile kila mara, hata pumzi ya muimbaji ikiwa mahali pale pale, akaona kuwa ndivyo wimbo unavyopaswa kuwa. Hata kasoro za chombo hufuatwa. Kinanda cha kutia ufunguo kikilegea utambo wake, sahani huzunguka polepole na sauti hushuka. Na mwenye kujifunza kwa kinanda kilicholegea hujifunza wimbo wa chini na wa taratibu, akaapa kuwa hivyo ndivyo alivyoimba Siti.

Mwaka 1966 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili cha Dar es Salaam kilitoa kitabu cha "Waimbaji wa Juzi", ambamo maneno ya nyimbo za Siti na wenzake yalichapwa. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa ameandika wasifu wa Siti. Vitabu hivyo viwili ni hazina, na kila skuli ya visiwani ingefaa kuwa navyo. Hata hivyo navyo viliongeza nguvu ya ile sura moja, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kwamba lililochapwa haligombwi.

Upo pia wimbo unaogeuka pasipo neno lake moja kugeuka. Wimbo wa "Kijiti" ulizaliwa kutokana na kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, na kutokana na uchungu wa watu juu ya jinsi haki ilivyokwenda. Waliousikia mara ya kwanza waliwajua wahusika. Walijua nyumba, walijua njia, walikuwa na hasira. Kwao ulikuwa shauri la mahakama lililokatiwa rufaa mbele ya watu. Leo wimbo huo huo huchezwa hotelini wakati wageni wanakula, nao huambiwa kuwa ni muziki mtamu wa kale. Sauti ni ile, maneno ni yale, na wimbo si ule. Hakuna fundi wa mitambo awezaye kulizuia badiliko la namna hiyo. Lakini mwenye kuandika maelezo mazuri pembeni ya sahani aweza walau kumwambia msikilizaji kwamba hapa palikuwa na maiti.

Tunamtaja sasa marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyetutoka Aprili 2013. Yeye, kwa maelezo yake mwenyewe, alizipata nyimbo za Siti kwa kumsikia Siti. Watu wa mbali walimpa heshima nyingi, ikiwamo tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005, na walimrekodi mara nyingi. Mwenye kusikiliza rekodi zake na zile za Siti ataona mara moja kwamba Bi Kidude hakumwiga. Alizipigia nyimbo zile ngoma yake mwenyewe, akaziingiza nguvu ya msondo na ya unyago, akazikata alipotaka. Hatujapata kumsikia mtu aliyethubutu kumwambia Bi Kidude: "Sivyo, sikiliza santuri." Kwa nini basi tunathubutu kumwambia bibi wa harusini? Kwa maoni yetu ni kwa sababu yeye hana jina, na simu ina jina.

Baada ya santuri ilikuja redio, na baada ya redio zikaja kanda ndogo. Tutazipitia upesi. Redio ya hapa Unguja, tangu miaka ya 1950, iliwapa waimbaji wetu wasikilizaji ambao sahani isingeweza kuwapa. Ikhwani Safaa, na Culture Musical Club iliyoanza mwaka 1958, viliingia majumbani kwa njia hiyo, na wasikilizaji wa shamba wakajua nyimbo za mjini kabla ya kuufika mji. Kanda ndogo zilifanya kinyume cha sahani: upande wake mmoja ulichukua nusu saa, basi wimbo ukapata tena nafasi ya kurefuka. Vikundi vya miaka ya 1990, East African Melody kikiwa mbele, vilitumia nafasi hiyo pamoja na kinanda cha umeme kutoa rusha roho, nyimbo ndefu za kuchezwa na za kupigana vijembe waziwazi. Wazee walinung'unika. Sisi nasi tulinung'unika, tena kwa wino. Tukitazama nyuma tunaona kwamba yule mama anayeinuka kwenda kutunza mstari unaomchoma jirani, ambaye Bombay alimwacha nje ya mlango, alirejea ukumbini kwa rusha roho. Hatusemi kwamba tunaipenda ngoma ya kinanda cha umeme. Masikio yetu ni ya udi. Lakini la haki lisemwe.

Na watu wa kidumbaki wanatufundisha jambo jingine. Wao kwa fidla moja, dumbaki mbili ndogo, mkwasa, cherewa na sanduku lenye kamba, huzichukua nyimbo za vilabu vikubwa, ambazo nyingi wamezisikia redioni, wakaziunganisha moja hadi nyingine pasipo kupumzika, wakazitia kasi na beti za mzaha. Hapo wimbo uliogandishwa na mashine huyeyuka tena. Kwa hiyo si kweli kwamba kurekodi huua wimbo. Huua pale tu watu wanapoacha kuimba na kubaki kusikiliza.

Taarab tumeisema sana kwa kuwa ndiyo iliyorekodiwa sana. Hofu yetu kubwa iko kwa nyimbo nyingine. Wimbo wa kutwanga hupigwa kwa mchi. Siku kinu kilipopisha mashine ya kusaga, wimbo ulipoteza mpigaji wake. Mama anayeketishwa kitini mbele ya kipaza sauti na kuombwa aimbe wimbo wa kutwanga hana mchi mkononi, wala mwenziwe wa kupokezana naye, wala jasho. Atautoa, na utakuwa mzuri, lakini utakuwa umelegea mahali ambapo mchi ungeshuka. Vivyo hivyo nyimbo za mabaharia tangu mashine za boti zilipoingia. Nyimbo za akina mama wa Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa zingali hai kabisa, kwa sababu siku yenyewe ingali hai. Lakini katika picha nyingi za sinema zilizopigwa huko, nyimbo hizo husikika kwa mbali chini ya sauti ya mtangazaji anayeeleza mapigano ya migomba.

Kibati na msewe za Pemba zina masaibu yake. Mara nyingi huletwa uwanjani siku za sherehe, zikapewa dakika tano mbele ya jukwaa la wageni. Waheshimiwa wanaopanga ratiba hizo watusamehe tukisema kwamba dakika tano hizo ni chache za kutisha kwa ngoma ambayo utamu wake ni majibizano ya papo kwa papo. Dakika tatu za mwaka 1928 zilikuwa amri ya sahani. Hizi tano ni amri ya nani?

Unyago ni jambo la kuangaliwa kwa heshima. Nyimbo zake ni mafunzo, na baadhi yake si za kila sikio. Zipo zilizorekodiwa kwa ridhaa ya wenyewe, na zipo, tunachelea, zilizochukuliwa na mtu aliyeficha chombo chake chini ya kanga. Wimbo uliokuwa siri ya wanawake arubaini ukisikika katika daladala, umebadilika kuliko ambavyo wimbo wowote wa Siti ulipata kubadilika. Hatuoni kwamba hamu ya kuhifadhi inatoa ruhusa ya kufanya hivyo.

Sasa tuwaelekee wakubwa wetu wa serikali, kwa kuwa funguo za makabati ziko mikononi mwao.

Wakati mmoja tulioneshwa, katika ofisi ambayo hatutaitaja, kanda kubwa ya zamani iliyotunzwa ndani ya kopo. Juu yake paliandikwa namba, na chini ya namba maneno mawili: "Ngoma, wanawake." Hapakuwa na mwaka, wala kijiji, wala jina hata la muimbaji mmoja. Tulipouliza kama yaweza kusikilizwa, tuliambiwa kwamba mashine ya kuisikilizia ni mbovu. Tulipoinua kifuniko tulipokewa na harufu ya siki. Wanaojua mambo haya wanaelewa maana ya harufu hiyo: utepe wa aina ile umeanza kujila wenyewe, na joto na unyevu wa hewa yetu ya bahari huuharakisha. Tukumbuke pia kwamba kanda zilikuwa ghali, na katika vituo vingi vya redio duniani ilikuwa ada kufuta la jana ili kupata nafasi ya kutia la leo.

Kanda za namna hiyo, popote zilipo visiwani, zihamishwe katika vyombo vya sasa kabla ya mvua za masika kadhaa zijazo, na nakala yake ipelekwe kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ambako karatasi za karne nzima zimeweza kutunzwa. Fundi azingatie mwendo wa mashine, asije akatuachia sauti ya kike kwa mwanamme. Lakini kuhamisha sauti peke yake ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Atafutwe mzee wa kijiji husika, awekewe kanda, aulizwe: ni nani huyu anayeimba? Mlikuwa wapi? Palikuwa na jambo gani? Ubeti upi ulirukwa? Majibu yake yaandikwe na yawekwe pamoja na sauti. Mashine ya kuhamisha utepe yaweza kununuliwa mwakani. Mzee huyo huenda asiwepo mwakani.

Jambo la pili tunalisema kwa waalimu na kwa waandalizi wa mashindano. Mji Mkongwe uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, na ni sawa kabisa kwamba mwenye kutengeneza mlango wa kuchonga aulizwe kwanza ulikuwaje. Kanuni hiyo ni ya milango. Mtoto anayepunguziwa alama kwa kuwa ubeti wake haumo katika rekodi anahukumiwa kwa kanuni ya seremala. Afadhali aulizwe ameupata kwa nani. Na akijibu kwa bibi yake, aambiwe akamlete bibi.

Watunzi nao wasisahauliwe. Tangu mwaka 2003 Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, na mtunzi aliye hai anajua pa kwenda. Lakini nyimbo nyingi tulizozieleza hapa hazina mtunzi mmoja, zina kijiji. Kampuni itokayo ng'ambo ya bahari ikija na vyombo vyake, kama zilivyokwisha kuja nyingi, ingekuwa vyema isiondoke kabla ya kuacha nakala hapa hapa visiwani, yenye majina ya walioimba.

Baada ya harusi ile tulimfuata yule bibi hadi kibarazani kwake, tukamuuliza juu ya ubeti wa pili, ule ambao haumo katika santuri. Alitueleza bila ya kusita. Ulitungwa na shangazi yake, kabla ya Mapinduzi, kwa ajili ya nyumba moja ya mtaani ambayo mwenyewe alikuwa na deni la mahari na hakutaka kulilipa. Umeimbwa mtaani hapo tangu wakati huo katika kila harusi, na msichana mwenye simu aliwahi kuusikia akiwa mtoto pasipo kujua unamhusu nani. Alipoelezwa, alicheka sana, kisha akafungua simu yake na kumwomba bibi auimbe tena, polepole, mara hii atie na jina la shangazi. Tungependa kuuchapa hapa. Hatutauchapa, kwa sababu wajukuu wa mwenye nyumba wangali hai, na mmoja wao usiku ule alikuwa amekaa kiti cha mbele, akipiga makofi.